Komite ya Wazazi Wakati Masomo Yamefungwa

Siku ya 18 Machi 2020 Raisi wa Jamhuri, Félix Tshisekedi, alitangazia inchi yote ya kwamba kuanzia kesho yake masomo, vyuo vikuu na makanisa vitafungwa kwa muda wa majuma 4. Mugonjwa wa kwanza wa korona alikuwa ametambulikana Kinshasa siku ya 10 ya mwezi ule. Kwetu Lubumbashi hofu ilikuja upesi. Siku ya 23 Machi Gavana wa Haut-Katanga aliamuru watu wakae nyumbani kwa muda wa siku 2. Watoto walikuwa wamekwisha kurudi na mifuko yao ya vitabu, na wengi walifurahi, sababu walizani ni mapumziko ya Pasaka yaliyokuja mbele ya wakati wake.

Majuma 4 hayakutosha. Kalasi za mwisho tu, zile zilizongojea mitihani ya Serikali, zilirudi siku ya 10 Agosti 2020. Watoto wengine wote walingoja mwaka mupya wa masomo, ulioanza siku ya 12 Oktoba. Kiisha masomo yakafungwa tena siku ya 18 Desemba, yakafunguliwa siku ya 22 Februari 2021. Mwenye kuhesabu ataona ya kwamba katika myezi 11 mutoto wa kalasi ya tatu ya primeri alikaa kalasini myezi 2 na siku chache tu.

Tunaandika juu ya mambo haya si kwa kukumbuka tu. Tangu wakati ule tumeona mpox, ambayo Shirika la Afya la Dunia lilitangaza siku ya 14 Agosti 2024 kuwa hatari ya ulimwengu. Tumeona migomo ya waalimu. Mwaka 2025 tumeona vita kufunga masomo ya Goma na ya Bukavu. Mulango wa masomo unaweza kufungwa tena, na hakuna anayejua siku. Basi inafaa kuuliza sasa, wakati mulango ni wazi: nani alisaidia jamaa katika myezi ile, na nani alipashwa kuzisaidia asifanye?

Jibu letu ni hili. Komite nyingi za wazazi zilifungwa siku moja pamoja na masomo, sababu zilikuwa zimezoea kujua mulipaji, hazikuzoea kujua nyumba. Komite inayojua nyumba ya kila mutoto inaweza kutumika hata kama hakuna kalasi. Hayo ndiyo tunayotaka kueleza, kwanza kwa kufasiria komite yenyewe, pili kwa kuonyesha taabu za jamaa, tatu kwa kutaja kazi zinazowezekana.

I. Komite ni nini, na sababu gani ilinyamaza

Kila masomo ya inchi yetu yanapashwa kuwa na komite ya wazazi, ile watu wote wanayoita COPA. Wazazi wanakutana, wanachagua wenzao, na hawa wanasema kwa jina la wote mbele ya direkta. Mujumbe wao anakaa tena katika baraza linaloongoza masomo, ambamo hesabu ya feza inaonyeshwa. Kwa hiyo COPA si kundi la marafiki wa direkta, wala si kundi la adui zake. Ni sauti ya nyumba ndani ya masomo, na inapashwa kuwa tena mukono wa masomo ndani ya nyumba. Sehemu ya kwanza watu wanaijua. Sehemu ya pili wengi wameisahau.

Tusiwahukumu upesi. Kusahau huku kuna sababu yake. Mwanzoni mwa myaka ya 1990, wakati mishahara ya Serikali ilipokuwa si kitu tena na waalimu waligoma, wazazi na Eklezya walipatana kwamba kila jamaa itoe feza ya kusaidia mwalimu, ile tunayoita primi. Ilikuwa tendo la mapendo. Lilisaidia masomo yasife. Lakini tendo lililoanza kwa muda mufupi lilidumu zaidi ya myaka 25, na katika myaka ile kazi ya komite ikawa moja tu: kupatana juu ya kiasi cha feza, kuitangaza, na kungoja wazazi waje kulipa. Mukutano wa wazazi ukawa mukutano wa feza. Mzazi asiye na feza akajificha, asifike tena mukutanoni. Hivi komite ikakosa kujua hasa wale waliohitaji musaada.

Kiisha, mwezi wa Septemba 2019, Serikali ilianza kutimiza neno la Katiba ya mwaka 2006, linalosema katika kifungu cha 43 ya kwamba masomo ya primeri ni ya bure katika masomo ya Serikali. Masomo yetu ya kikatoliki yanayofwata mapatano ya mwaka 1977 yaliingia vile vile katika amri ile. Kwa wamaskini wengi ilikuwa furaha kubwa, na watoto wakajaa kalasini. Lakini wazazi wengi wa primeri walisema: «Sasa ni kazi ya Serikali, sisi tumemaliza.» Komite iliyojua feza tu, ilipoondolewa feza, ilibaki bila kazi. Myezi 6 tu nyuma ya hapo korona ikafika.

Tuongeze neno juu yetu sisi wenyewe, kusudi tusionekane kama wenye kunyooshea wengine kidole. Makanisa nayo yalifungwa tangu Machi hata katikati ya Agosti 2020. Mapadri tulitaka kutembelea wakristu wetu, na tuliona haya: tulijua watu kwa ubao wanapokaa Siku ya Mungu, hatukujua milango yao. Waliojua milango walikuwa wazee wa mashirika madogo ya kartye, yale ambayo maaskofu wa Kongo walichagua tangu mukutano wao wa mwaka 1961. Pale shirika lilipokuwa hai, mugonjwa alitembelewa na mujane alipata unga. Pale lilipokuwa jina tu katika kitabu cha parokia, hakuna aliyefika. Lililo kweli kwa parokia ni kweli kwa masomo.

II. Taabu za jamaa

Ya kwanza ilikuwa chakula. Katika Lubumbashi jamaa nyingi zinakula jioni kile kilichopatikana muchana. Baba anachimba mawe au anasukuma mukokoteni. Mama anachuruza sokoni, au anafwata unga na vitu vingine Kasumbalesa. Mupaka ulipofungwa kwa wasafiri na masoko yalipopunguzwa, feza ilikosekana. Mutoto aliyekuwa nyumbani siku nzima alionekana kama mikono miwili ya kusaidia. Akapewa sahani ya karanga auze, au akatumwa kuteka maji. Wazazi hawakuchukia masomo. Walichagua bukari ya siku ile, na sisi tungefanya kama wao.

Ya pili ilikuwa luga. Tulimujua mama mumoja wa Katuba, muchuuzi wa makala, mwenye watoto 4. Masomo yao yalitayarisha karatasi za mazoezi, na mutoto mukubwa alienda kuzitwaa. Mama alipozitazama aliona Kifaransa tupu. Yeye aliacha masomo katika kalasi ya nne. Aliziweka juu ya kabati, na watoto walipouliza aliwajibu: «Ngojeni mwalimu.» Alisikia haya mbele ya watoto wake mwenyewe. Mwezi mumoja ulipita. Kijana wa jirani, aliyekuwa katika kalasi ya mwisho ya sekondari, akawakusanya chini ya muembe, akawaeleza hesabu kwa Kiswahili, na kumbe watoto walifahamu. Mujumbe wa komite alifika mwezi wa Julai, mara yake ya kwanza katika nyumba ile. Alikuja kuuliza minervali ya dada yao aliye sekondari.

Mfano huu unatufundisha jambo. Sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali luga za inchi, na Kiswahili ni mojawapo, kuwa luga za kufundishia na za kufundishwa. Hivi mama yule alikuwa na haki ya kufundisha watoto wake kwa Kiswahili, na hakuna aliyemuambia. Kuhesabu makala, kugawanya feza ya faida, kupima unga kwa kopo: hayo ni hesabu ya kweli, na mama alikuwa akiyafanya kila siku mbele ya watoto wake. Alipashwa tu kuonyeshwa ya kwamba ni masomo.

Ya tatu ilikuwa mutoto mwenyewe. Musichana wa myaka 15 aliyekaa bila kazi na bila ulinzi, mama akiwa sokoni toka asubuhi hata usiku, alikuwa katika hatari. Kijana wa rika lake aliitwa na rafiki kwenda machimboni, pale anapoweza kupata feza kidogo kwa siku. Mwenye kuonja feza hii hasahau upesi. Masomo yalipofunguliwa, kila mwalimu alikuwa na majina ya kuita yasiyojibiwa.

Ya nne ni taabu ya mwalimu, na watu wanaisahau, sababu wanazani mwalimu si jamaa. Katika sekondari primi haikuondolewa. Mutoto asipofika, mzazi halipi. Mzazi asipolipa, mwalimu hapati. Wako tena waalimu wasioandikwa katika mishahara ya Serikali, wale tunaowaita N.U., na wako waalimu wa masomo ya watu binafsi. Kwa hawa mulango wa masomo ulipofungwa, chungu kilifungwa pia. Wengine waliuza vocha za telefoni barabarani, wakionwa na wanafunzi wao. Wengine walienda machimboni, na wako ambao hawakurudi. Komite inayosema juu ya mutoto bila kusema juu ya mwalimu wake inakata muti na kungoja matunda.

III. Redio na karatasi havikutosha

Ulimwengu wote ulikuwa katika shida hii. UNESCO ilihesabu mwaka 2020 zaidi ya wanafunzi miliari 1 na nusu waliofungiwa mulango. Jirani zetu walifanya kila mumoja kwa njia yake. Tanzania ilifunga mwezi wa Machi 2020 na ikafungua masomo yote siku ya 29 Juni. Kenya ilirudisha watoto wote siku ya 4 Januari 2021. Uganda ilikawia zaidi: masomo yalifungwa mwezi wa Machi 2020, kalasi nyingine zikafunguliwa na kufungwa tena, na mulango ulifunguliwa kwa wote siku ya 10 Januari 2022.

Katika inchi yetu Wizara ya masomo, pamoja na UNICEF na Radio Okapi, walipeleka mafundisho hewani kwa jina la Okapi École. Ilikuwa kazi njema. Redio inafika pale telefoni kubwa na intaneti hazifiki. Lakini redio inaomba vitu vitatu: mawe ya redio au umeme, saa ya kutulia, na mutu mukubwa wa kumuambia mutoto: «Kaa, sikia, kiisha unieleze.» Katika kartye zetu umeme wa SNEL unakuja na kwenda. Saa ya mafundisho inaweza kuwa saa ya kuteka maji. Na mutu mukubwa yuko sokoni. Redio moja katika nyumba ya watoto 7 wa kalasi mbalimbali haifundishi kama hakuna aliyepanga nani asikie saa gani.

Vile vile karatasi. Karatasi isiyorudi kwa mwalimu kusahihishwa ni karatasi tu. Mutoto anaandika, hakuna anayesoma. Siku ya tatu anaacha. Kilichokosekana katikati ya redio na mutoto, katikati ya karatasi na mwalimu, ni mutu wa kwenda na kurudi. Mutu huyu hawezi kutoka Kinshasa. Anatoka katika avenyu ileile.

IV. Kazi ambazo komite inaweza kufanya

Tunataja kazi 6. Hakuna hata moja inayoomba feza nyingi. Zote zinaomba kuanzishwa mbele ya mulango kufungwa.

1. Daftari ya nyumba. Komite igawanye wazazi kwa avenyu, si kwa kalasi. Nyumba 10 au 12 zenye kukaribiana ziwe kundi, na kila kundi lichague mzazi mumoja wa kuliangalia. Inafaa mara nyingi awe mama, sababu yeye anaingia nyumba ya jirani bila kuogopesha mutu. Daftari iandike: majina ya watoto na kalasi zao, nani anakaa nao muchana, telefoni ya nyumba au ya jirani, redio iko au haiko, nani katika nyumba anajua kusoma. Mambo ya feza yasiandikwe humo hata kidogo. Daftari ikiwa na mustari mumoja wa deni, milango itafungwa.

2. Kalasi ndogo ya nje. Amri ya Machi 2020 ilikataza mikutano ya watu zaidi ya 20. Kundi la watoto 5 au 6 chini ya muti, wakikaa mbali mbali, wenye ndoo ya maji na sabuni, halikuwa kinyume cha amri ile. Lakini komite isijiamulie yenyewe. Iende kwanza kwa munganga wa kituo cha afya na kwa mukubwa wa kartye, ieleze mupango, ifwate shauri lao. Pale ugonjwa ni mukali sana, kama vile Ebola, kundi lisikutane hata kidogo, na mujumbe afanye kazi yake kwa telefoni na mulangoni.

3. Mutu wa kwenda na kurudi. Mara moja kwa juma mujumbe wa avenyu atwae karatasi kwa mwalimu, azigawanye, na juma lenye kufwata azikusanye apeleke kusahihishwa. Kama masomo hayana feza ya karatasi, mwalimu aandike mazoezi kwenye ubao mumoja ulioegemezwa mahali penye kivuli, na watoto wayanakili katika daftari zao. Mwalimu aweke alama na neno dogo kwa kila mutoto. Mutoto anayejua kwamba kuna mutu anasoma kazi yake, anaiandika.

4. Kumusaidia mama asiyesoma. Mujumbe amuonyeshe ya kwamba kazi yake si kufundisha Kifaransa. Kazi yake ni tatu: kutafuta saa moja ya siku isiyoguswa na kazi nyingine, kumuambia mutoto asome kwa sauti hata kama yeye mama hafahamu maneno, na kumuuliza kwa Kiswahili: «Umesoma nini? Nieleze.» Mutoto akieleza kwa luga ya nyumba, amefahamu. Akishindwa kueleza, mama atajua ya kwamba karatasi ile irudi kwa mwalimu. Mzazi anayefanya hivi amefanya kazi kubwa, na inafaa komite imuambie hayo waziwazi, kusudi haya imutoke.

5. Kapu la mwalimu na la nyumba yenye njaa. Wazazi wa sekondari wasidai kwamba primi ilipwe yote wakati hakuna kalasi. Hiyo si haki. Lakini wasiseme pia kwamba mwalimu hawahusu. Kuna njia ya katikati. Komite iombe kila nyumba yenye uwezo kopo moja la unga au feza ndogo kwa mwezi, bila kushurtisha, na hesabu isomwe mbele ya wote. Kwanza wapewe waalimu wasio na mushahara, pili nyumba ambayo daftari inaonyesha kwamba imekosa. Mwalimu aliyepewa unga na wazazi hataona haya kupita katika avenyu zao na kusahihisha mazoezi. Tena wazazi waliomupa watajisikia kuwa na haki ya kumungojea. Tusizani kwamba kapu hili linaondoa mapashwa ya Serikali. Mwalimu asiyeandikwa katika mishahara anapashwa kuandikwa, na komite iendelee kuyaomba hayo kwa njia ya halali.

6. Siku ya kurudi. Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na inafanywa kwa haraka zaidi. Kabla ya kengele kulia, daftari ionyeshe nani hajulikani aliko. Katika juma la kwanza wajumbe waende nyumba kwa nyumba. Kijana aliye machimboni aitwe na mutu anayemuheshimu, mujomba wake au mwalimu wake, si kwa barua. Na juu ya musichana aliyepata mimba tujifunze kwa wengine. Inchi ya Sierra Leone ilifunga masomo mwaka 2014 kwa sababu ya Ebola. Ilipofungua siku ya 14 Aprili 2015, wasichana walioonekana wenye mimba walikatazwa kuingia. Amri ile ilifutwa mwezi wa Machi 2020 tu. Kwa myaka karibu 5 wasichana walipata azabu kwa taabu iliyowapata wakati wakubwa walikuwa wamewaacha peke yao. Katika masomo yetu ya kikatoliki hatuna ruhusa ya kufanya hivyo. Musichana huyu ajifungue, anyonyeshe, kiisha arudi. Na komite itafute bibi au shangazi wa kukaa na mutoto mudogo wakati yeye yuko kalasini.

V. Maneno ya wenye mashaka

Wengine watasema: «Wazazi wa Lubumbashi hawana saa ya kazi hizi.» Ni kweli, hakuna mzazi mwenye siku nzima. Lakini mujumbe wa nyumba 10 anaomba saa 2 kwa juma. Wanawake wetu wanaokutana kwa likelemba, kila mumoja akitoa feza yake na kupokea kwa zamu, wanatunza saa, hesabu na uaminifu kuliko maofisi mengi. Wanaoweza likelemba wanaweza daftari ya nyumba.

Wengine watasema: «Komite imejaa watu wa direkta, hawatatupenda.» Mara nyingine ni kweli, na dawa yake ni uchaguzi. Wazazi wasiofika kuchagua wasishangae kuongozwa na wasiowajua. Direkta mwenye akili atafurahi, maana wakati wa korona direkta wengi walibaki peke yao na funguo mukononi, bila kujua nani wa kumuita.

Wengine watasema tena: «Kufundisha ni kazi ya mwalimu, si ya mzazi.» Hapa tunapashwa kutofautisha. Kueleza sehemu za hesabu na sarufi ni kazi ya mwalimu, na mzazi asimunyanganye. Lakini kulea ni kazi ya mzazi mbele ya wote. Konsilio ya pili ya Vatikano ilifundisha hayo siku ya 28 Oktoba 1965 katika tangazo lake juu ya malezi ya kikristu: wazazi ni walezi wa kwanza, na masomo yanakuja kuwasaidia. Wazee wetu waliyajua mbele ya kuandikwa. Mutoto aliyefanya vibaya barabarani aliulizwa jina la baba yake, hakuulizwa jina la mwalimu wake. Wakati masomo ni wazi, wazazi wanaweza kusahau cheo hiki na hakuna anayeona. Mulango ukifungwa, kila mutu anaona.

Wako wa mwisho wanaosema: «Korona imekwisha, sababu gani kujisumbua?» Tuwajibu kwa kuwapeleka Goma na Bukavu, pale mulango ulipofungwa na bunduki, si na ugonjwa. Jamaa zilizokimbia zilihitaji yaleyale: mutu wa kujua watoto ni nani na wako wapi, kalasi ndogo chini ya muti, mwalimu anayekula. Daftari ya nyumba inafaa kwa ugonjwa, kwa mugomo na kwa vita.

Ndugu mapadri, waalimu na wanaseminari mnaosoma kurasa hizi, mutaingia siku moja katika baraza la masomo ya parokia. Musianze kwa kuuliza hesabu ya feza, ijapo hiyo nayo ina saa yake. Ulizeni komite maswali 3. Kwanza: mukichaguliwa jina moja katika orodha ya kalasi ya tatu, nani kati yenu anaweza kutupeleka nyumbani kwake leo jioni? Pili: mwalimu wa kalasi ile analipwa na nani, na masomo yakifungwa kesho, atakula nini? Tatu: mwaka huu ni watoto gani walioacha, na nani alienda kuwaona?

Kama komite inajibu maswali haya, muishukuru na muifwate. Kama haijibu, musiikemee. Nunueni daftari, muende pamoja nayo katika avenyu ya kwanza Jumamosi nyuma ya soko, wakati mama wako nyumbani.